Fleti au Nyumba ya Peke Yake? Mwongozo Kamili wa Kukabiliana na Kelele za Majirani Nairobi

Watu wengi wa Nairobi huanza kuitamani nyumba ya peke yake usiku mmoja tu: usiku ambao anayeishi juu yao ameamua kusogeza kitanda saa saba, mtoto amezinduka kwa kishindo, na kesho yake ni siku ya kazi. Kunapopambazuka huanza kuulizia nyumba Utawala, Ruai, Kitengela au Rongai, wakiamini kwamba kiwanja chenye ua wake ni dawa ya kila kelele. Nimeishi katika fleti kwa miaka tisa na katika nyumba yenye ua kwa miaka minne, na ninachoweza kumwambia anayefikiria kuhama ni kwamba katika fleti unagawana zege na jirani, ilhali katika nyumba ya peke yake mnagawana hewa. Kelele inayopita kwenye zege na ile inayopita hewani hazizuiwi kwa njia moja, wala hazipelekwi kwenye mlango mmoja wa malalamiko. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaya 1,506,888 ndani ya Kaunti ya Nairobi, kwa hiyo popote utakapohamia utampata jirani. Linalobaki mikononi mwako ni kuchagua aina ya kelele unayoweza kuishi nayo na unayoweza kuipunguza.

Hatua ya kwanza: Tambua kelele inakufikia kwa njia gani

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, isikilize kelele yenyewe. Iko sauti ya hewani, yaani mazungumzo, redio, televisheni, mbwa, jenereta na spika za mahubiri. Hii hutoka ilikoanzia, hupita hewani na kutafuta tundu la kuingilia. Iko pia sauti ya kishindo, ambayo huzaliwa pale kitu kigumu kinapogonga jengo: kisigino cha kiatu, kiti kinachoburutwa juu ya vigae, mchi na kinu, mlango wa chuma unaobamizwa, au pampu ya maji iliyofungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye sakafu. Zege husafirisha mtikisiko mbali sana huku ikiupunguza kidogo tu, na ndiyo sababu mtu wa ghorofa ya tatu humlaumu wa ghorofa ya nne kwa miezi mingi, kumbe anayetwanga yuko ghorofa ya tano upande wa pili wa ngazi. Besi ya muziki ni ya hewani, lakini hupenya kuta ambazo maneno ya wimbo hayawezi kupenya, kwa hiyo unasikia mdundo tu na kushindwa kujua unatoka wapi.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Kelele ikianza, weka sikio ukutani, kisha karibu na sakafu, kisha fungua dirisha utoe kichwa nje. Ikizidi sana dirishani, njia yake ni hewa, na dawa yake ni kuziba. Ikiwa kubwa ukutani au sakafuni na haibadiliki ukifungua dirisha, njia yake ni jengo lenyewe, na hapo kuziba dirisha ni kupoteza pesa.

Utahitaji pia kuielewa desibeli, kwa kuwa sheria huzungumza kwa kipimo hicho. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi: ongezeko la desibeli 10 husikika na sikio la mtu kama sauti iliyoongezeka maradufu. Mnong'ono huwa karibu desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida sebuleni hukaribia 60. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele za mitaani, lilipendekeza chumba cha kulala kisizidi wastani wa desibeli 30 ili mtu apate usingizi mzuri.

Hatua ya pili: Andika daftari la siku kumi na nne

Najua hatua hii inachosha, na wengi huiruka, lakini nakusihi usiiruke. Kwa wiki mbili andika kila kelele iliyokusumbua: tarehe, saa ilipoanza, saa ilipokoma, ilikuwa ya aina gani, ulikuwa chumba gani, na kama uliifanyia lolote. Nilipoandika la kwangu nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba watu wa juu walinikosesha usingizi kila siku. Daftari lilinionyesha kwamba wao walikuwa na kelele Ijumaa na Jumamosi tu, na kwamba kilichoniamsha siku nyingine mbili za wiki ni pampu ya jengo, ambayo ilikuwa ikiwashwa saa kumi alfajiri siku za mgao, maji ya mfereji yanapofika, ili tangi la juu lijae kabla hayajakatika. Ningegombana na familia isiyo na hatia.

Daftari lina faida nyingine. Kanuni za kelele za Kenya hazitazami ukubwa wa sauti peke yake. Zinamtaka anayeamua azingatie pia saa iliposikika, ukaribu wake na makazi, kama ni ya mara moja, ya kujirudia au ya mfululizo, kama imekuzwa kwa vyombo vya umeme, na kama ingeweza kudhibitiwa bila gharama au taabu isiyo ya kiasi. Mtu mwenye daftari amekwisha kuyajibu maswali hayo kabla hajaulizwa.

Hatua ya tatu: Ukikagua fleti, kagua jengo zima

Mawakala hupenda kuonyesha nyumba saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati watoto wako shuleni na nusu ya wapangaji wako kazini. Saa hiyo hata jengo baya kuliko yote mtaani huwa kimya. Omba kurudi mara mbili zaidi: jioni ya siku ya kazi kati ya saa moja na saa tatu, na usiku wa Ijumaa au Jumamosi baada ya saa nne. Ukikataliwa kuingia usiku, simama nje ya lango kwa nusu saa usikilize. Jumapili asubuhi pia ina habari zake, hasa katika mitaa yenye makanisa ya mahema au ya ghorofa ya kwanza juu ya maduka.

Ukiwa ndani, gonga kila ukuta unaopakana na nyumba nyingine. Mawe ya kuchongwa kwa mashine, kama yale yanayotoka Ndarugu, yakiwa ya inchi 9 na kupigwa plasta pande zote mbili, hutoa mlio mzito uliozimika, na huzuia maneno ya jirani vizuri. Bloku za inchi 4 zilizo wazi katikati hutoa mlio wa debe. Kanuni ya jumla ni kwamba uzito wa ukuta ukiongezeka maradufu, sauti inayopenya hupungua kwa takriban desibeli 5 au 6. Hata hivyo tundu dogo huuharibu ukuta mzuri: eneo la ukuta likiwa na uwazi wa asilimia 1 tu, ukuta huo hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ukiwa mnene kama wa ngome. Kwa hiyo tazama chini ya mlango, tazama matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha, tazama pale mabomba yanapopita kutoka bafu moja hadi jingine, na angalia kama soketi za nyumba mbili zimewekwa mgongo kwa mgongo.

Kisha omba mtu apande kwenye nyumba ya juu, kama iko wazi au mwenyewe akiridhia, atembee kwa viatu na kuburuta kiti. Hili ndilo jaribio muhimu kuliko yote, kwa kuwa fleti nyingi za Nairobi zina vigae vilivyobandikwa moja kwa moja juu ya slabu, bila chochote laini katikati, na kosa hilo mpangaji wa chini hawezi kulirekebisha akiwa kwake.

Mahali nyumba ilipo ndani ya jengo huamua mengi. Ghorofa ya juu kabisa haina visigino kichwani, lakini huenda ina matangi, pampu ya kuongeza msukumo wa maji, kamba za kuanikia nguo na paa la mabati linalonguruma mvua ya Aprili ikinyesha. Ghorofa ya chini ina lango, honi za wanaorudi usiku, redio ya bawabu na watoto wanaocheza maegeshoni. Katika majengo yaliyobanana, kama mengi ya Pipeline au Zimmerman, iko pia ile nafasi ya hewa katikati ya jengo ambako madirisha ya jikoni na bafu hutazamana. Nafasi hiyo hufanya kazi kama paipu, na kikohozi cha ghorofa ya pili husikika ghorofa ya sita. Chumba cha kulala chenye dirisha linalofungukia huko nisingekichukua hata kwa kodi ya nusu. Mimi humshauri mtu achague nyumba ya pembeni, ghorofa moja chini ya ile ya juu, mbali na ngazi, yenye chumba cha kulala kinachopakana na chumba cha kulala cha jirani badala ya sebule yake.

Usisahau kuuliza kama kuna nyumba zinazokodishwa kwa siku. Katika majengo mengi ya Kilimani na Kileleshwa hizo ndizo chanzo kikubwa cha karamu za usiku, na jirani wa usiku mmoja hawezi kuzoeana nawe wala kukuonea haya.

Hatua ya nne: Ukikagua nyumba ya peke yake, kagua mtaa

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu wakishaona ua na lango lao wenyewe huridhika. Ni kweli kwamba nyumba iliyosimama peke yake humaliza sauti ya kishindo karibu yote: hakuna anayetembea kichwani mwako, na kiti cha jirani hakikuhusu. Lakini kiwanja cha kawaida cha futi 50 kwa 100 kina upana wa mita 15 tu, na nyumba ikishajengwa ndani yake, dirisha lako na la jirani huachwa na mita chache katikati.

Hebu tufanye hesabu. Mahali pa wazi, sauti inayotoka sehemu moja hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Spika inayosikika kwa desibeli 80 ukiwa mita 10 kutoka kwayo itasikika kwa 74 ukiwa mita 20, kwa 68 ukiwa mita 40, na kwa 62 ukiwa mita 80. Kwa umbali peke yake ungehitaji kukaa karibu kilomita 2 ili ishuke hadi desibeli 35. Kwa kweli majengo, miti na ardhi hupunguza zaidi ya hapo, lakini ona jinsi ua wa mita 10 unavyosaidia kidogo. Dirisha lililoachwa wazi kidogo huondoa takriban desibeli 15, na dirisha la kioo kimoja lililofungwa vizuri huondoa takriban 25. Mengine lazima yatoke kwenye kuta, ukuta wa ua au adabu ya mwenye spika.

Kwa hiyo tembea mtaani kwa miguu, walau mita 300 kila upande, mchana na usiku. Tafuta baa, kanisa lenye spika za nje, karakana ya kuchomelea vyuma, kituo cha matatu, shule, na bodaboda wanapokusanyika. Sikiliza mbwa saa tano usiku: mitaa ya nyumba zenye ua ina mbwa wengi, na mmoja akianza wote huitikia. Angalia ndege pia. Lang'ata na South C husikia zile za Uwanja wa Wilson, na Embakasi pamoja na Syokimau husikia zile za Jomo Kenyatta. Upande wa Njiru na Ruai ulizia machimbo ya mawe.

Muhimu kuliko hayo yote ni viwanja vitupu vinavyokuzunguka. Kiwanja kitupu si utulivu wa kudumu. Ni ujenzi ambao haujaanza. Kileleshwa na Kilimani zilikuwa mitaa ya nyumba za peke yake zenye bustani, na leo waliobaki katika nyumba hizo wamezungukwa na magorofa pande tatu, wakisikia mashine za kuchanganyia zege mchana na jenereta za wapangaji usiku. Ukiona bango la maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi, au ukiletewa dodoso la tathmini ya athari kwa mazingira, lijaze na upeleke pingamizi yako kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Watu hudhani karatasi hizo ni za kupoteza muda. Huo ndio wakati ambao sauti ya jirani husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko baada ya msingi kuchimbwa.

Mezoneti zilizoshikana ukuta, kama nyingi za Buruburu, ziko katikati ya aina hizi mbili. Hakuna mtu juu yako, lakini ngazi za jirani zikiwa zimeegemea ukuta mnaogawana utazihesabu hatua zake zote. Ziangalie ngazi ziko upande gani kabla ya kuangalia jiko.

Hatua ya tano: Uliza nani ana mamlaka, kisha soma mkataba

Watu wachache hulifikiria jambo hili, nami naliona zito kuliko unene wa kuta. Fleti ina kelele nyingi, lakini ina msimamizi, ina mwenye jengo, na ina mkataba ambao kila mpangaji ameutia sahihi. Nyumba ya peke yake ina kelele chache, lakini jirani akiamua kufuga mbwa sita au kukodisha ua wake kwa karamu, huna msimamizi wa kumpigia simu. Kati yako na serikali hakuna mtu. Mtaa wenye lango moja na chama cha wakazi kinachofanya kazi huziba pengo hilo kwa sehemu.

Kabla ya kulipa amana, soma mkataba utafute kifungu cha utulivu: saa za kimya, adhabu ya anayekiuka, na haki yako ya kuondoka mapema endapo mwenye jengo atashindwa kukirekebisha kinachokusumbua. Kifungu kisipokuwapo, omba kiandikwe. Unaponunua nyumba ndani ya jengo, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inawaweka wamiliki wote katika shirika moja lenye sheria ndogo na lenye uwezo wa kuunda kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro. Omba nakala ya sheria hizo ndogo na uone kama kelele imetajwa.

Kumbuka pia mpaka wa kaunti. Utawala na Ruai ziko Nairobi, lakini Kitengela na Rongai ziko Kajiado, Syokimau iko Machakos, na Ruaka iko Kiambu. Malalamiko yako yatapokelewa na kaunti unakoishi, si kaunti unakofanya kazi.

Hatua ya sita: Punguza kwa mikono yako unachoweza

Anza na matundu, kwa kuwa ni rahisi na faida yake huonekana upesi. Weka raba chini ya mlango mkuu, bandika utepe wa sponji kwenye fremu za madirisha ya chuma ambayo hayafungi sawasawa, na jaza silikoni pale mabomba yanapopenya ukuta. Hapa sharti niseme kwa uzito: usizibe matundu ya hewa ya chumba chochote ambamo kunatumika jiko la makaa au la gesi. Hewa ya makaa huua watu waliolala, na hakuna utulivu unaostahili hatari hiyo.

Baada ya hapo hamisha vitu. Kabati la nguo lililojaa, likisimamishwa kwenye ukuta wa jirani, hupunguza kidogo maneno yanayopenya, na kitanda kikiondolewa kwenye ukuta huo usingizi hupata nafuu. Pazia zito na zulia hupunguza mwangwi ndani ya chumba chako. Trei za mayai na sponji nyembamba za kubandika hazizuii sauti ya jirani. Kazi yake ni kupunguza mwangwi tu, kwa sababu hazina uzito. Nimeona watu wakigharamia chumba kizima kwa vitu hivyo na kuamka na kelele ile ile.

Kishindo kinatibiwa kilikozaliwa. Zulia linalomsaidia mtu wa chini ni lile lililo kwa mtu wa juu. Pampu inayotikisa jengo inahitaji raba nzito chini yake na kipande cha bomba la kunyumbulika kabla ya bomba gumu, kazi ambayo fundi wa mabomba huimaliza kwa siku moja. Kama wewe ndiye uliye juu, weka zulia sebuleni, raba kwenye miguu ya viti na chini ya mashine ya kufulia, na ufanye hivyo kabla hujaombwa.

Katika nyumba yenye ua, ukuta husaidia tu ukikata mstari kati ya chanzo cha sauti na dirisha lako. Ukuta wa mawe wa mita 2 huweza kulikinga dirisha la chini dhidi ya maongezi ya jirani. Hausaidii lolote kwa dirisha la ghorofani. Ua wa miti hupendeza macho, lakini safu moja ya miti haizuii sauti ya kuhesabika.

Hatua ya saba: Zungumza na jirani, ana kwa ana na mapema

Usiende wakati kelele inaendelea na hasira imekupanda. Nenda kesho yake jioni, mlangoni, bila ujumbe kwenye kikundi cha simu cha jengo, maana mtu akiaibishwa mbele ya wapangaji arobaini hujitetea badala ya kusikiliza. Sema kinachokufika wewe, si tabia yake. Mimi nilifanya hivi:

"Hodi hapa. Mama Brian, habari za jioni? Poleni na shughuli."

"Njema, Baba Achieng. Karibu ndani."

"Asante, sitakaa. Nimekuja kwa sababu nadhani hamjui: viti vya mezani vikivutwa usiku, kwetu chini husikika kama tumo chumba kimoja. Mdogo wetu huamka, na kumlaza tena ni kazi. Nimekuja na pakiti ya raba za miguu ya viti, tuzijaribu kama hutajali."

"Haki, sikujua. Hata mimi wa juu yangu hunifanyia hivyo hivyo."

Mambo mawili yalisaidia pale: nilitaja kelele moja tu, nami nilikuja na dawa mkononi. Si kila jirani atapokea namna hiyo. Ukijibiwa vibaya, aga kwa heshima, andika tarehe kwenye daftari, na usirudi mara ya tatu peke yako. Mambo ya watoto wachanga, wagonjwa na wafiwa yapishe. Kilio cha mtoto wa miezi miwili si kosa la mtu yeyote.

Hatua ya nane: Peleka malalamiko kwa mpangilio

Katika fleti, anza na msimamizi, kisha mwandikie mwenye jengo au wakala wake barua fupi iliyoambatanishwa na daftari. Wapangaji watatu wakitia sahihi barua moja hupata jibu upesi kuliko barua tatu za siku tofauti. Katika mtaa wa nyumba zenye ua, anza na chama cha wakazi au wazee wa Nyumba Kumi, kisha naibu wa chifu au chifu. Baraza la chifu limesuluhisha ugomvi wa mbwa na spika kwa nusu saa ambao mawakili wangeuvuta kwa miaka.

Yote hayo yakishindikana, sheria iko upande wako. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mtikisiko wa kupita kiasi, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, zinaweka kiwango cha desibeli 45 mchana na 35 usiku ndani ya makazi, na 50 mchana na 35 usiku nje. Mahali penye makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, kiwango cha mchana ni 55, lakini cha usiku kinabaki 35. Wengi hudhani haki ya utulivu huanza saa nne au saa sita za usiku, ilhali usiku wa kanuni hizi huanza saa mbili na dakika moja na kuendelea hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa ujenzi katika makazi kiwango ni desibeli 60 mchana na 35 usiku, na huko usiku huanza mapema zaidi, saa kumi na mbili na dakika moja jioni. Mkandarasi anayemwaga zege saa tano usiku kando ya nyumba yako anapaswa kuulizwa kibali chake.

Programu ya simu ya kupima sauti itakupa makadirio ya kukusaidia kuamua kama inafaa kulalamika, lakini kipimo kinachosimama mbele ya mahakama ni cha afisa mwenye kifaa kilichothibitishwa. Peleka malalamiko ya maandishi kwa idara ya mazingira ya kaunti, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti kelele, na unaweza pia kuipelekea nakala Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Kama chanzo ni klabu au baa, uliza ina leseni ya aina gani. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya Kaunti ya Nairobi chini ya Gavana Johnson Sakaja ilitangaza kutotoa leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi, na tangazo hilo linafaa kutajwa katika barua yako. Kelele ikiambatana na vitisho au fujo, nenda kituo cha polisi na uondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Mlango wa mwisho ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Nenda huko ukiwa na jambo kubwa linalowagusa wengi, kama kiwanda au klabu, si kwa ajili ya kiti cha Mama Brian.

Ukifika mahali pa kuamua kuondoka, toa notisi kwa maandishi, taja kelele kuwa sababu, na ambatanisha nakala za barua ulizokwisha kuandika, kwa sababu hizo ndizo zitakazokusaidia kudai amana yako irudishwe. Daftari libebe uendako. Usiku wa kwanza katika nyumba mpya, iwe ghorofani au ndani ya ua, lifungue ukurasa mpya na uandike ulichosikia saa nane.